Saa Zikipunguzwa, Kazi Ikisimama: Mwongozo wa Mfanyakazi Wakati wa Janga

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Kabla ya mwezi kwisha, ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza. Tarehe 6 Aprili jiji la Nairobi na viunga vyake likafungwa: haingii mtu, hatoki mtu. Siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Hoteli za Diani na Malindi zikabaki bila wageni, maua ya Naivasha yakakosa wanunuzi Ulaya, na baa, matatu na vibanda vya chakula vilivyoishi kwa wateja wa jioni vikakosa jioni yenyewe.

Hesabu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, zilizotolewa mwaka uliofuata zilionyesha kwamba nafasi 737,500 za kazi zilipotea nchini mwaka huo wa 2020. Idadi hiyo haiwataji waliobaki kazini kwa nusu mshahara, wala waliopelekwa likizo isiyo na malipo wakiambiwa neno moja tu: "Mtaitwa."

Sheria ya kumlinda mfanyakazi ilikuwepo wakati huo, na ingalipo. Ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na janga halikuifuta. Tatizo ni kwamba sheria hiyo humsaidia zaidi mwenye karatasi. Mfanyakazi aliyeandikiwa ana pa kuanzia. Aliyeambiwa kwa mdomo huanza kwa kubishana. Mwongozo huu umeandikwa ili janga jingine, au amri nyingine ya kufunga miji, ikikukuta kazini, ujue la kufanya siku ya kwanza, wiki ya kwanza na mwezi wa kwanza. Sheria inayoelezwa hapa ni ya Kenya. Msomaji wa Tanzania, Uganda au Rwanda atumie hatua zilezile za kutunza ushahidi na kupanga matumizi, lakini viwango na siku za notisi aviangalie katika sheria ya kwao.

ELEWA KWANZA UMEAMBIWA NINI

Taharuki hufanya maneno yote yasikike kama neno moja: "nimefutwa." Sivyo. Kila hali ina haki zake, na ukiikosea hali yako utadai usichostahili na kuacha unachostahili. Kabla ya kusaini chochote, jiulize uko katika kundi gani kati ya haya manne.

*KISANDUKU CHA 1: Hali nne na haki zake*

- Saa au mshahara kupunguzwa. Ajira yako ingalipo, masharti ndiyo yanayobadilika. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ashauriane nawe, kisha akujulishe badiliko hilo kwa maandishi.
- Likizo ya mwaka. Una angalau siku 21 za kazi za likizo kila mwaka, na mshahara wake ni kamili. Waajiri wengi huanza na hii. Hakikisha unajua siku ngapi zimetumika na ngapi zimebaki.
- Likizo bila malipo. Sheria ya Ajira haimpi mwajiri ruhusa ya kukulazimisha likizo hii kwa uamuzi wake peke yake. Ni jambo la makubaliano, na makubaliano yana masharti na tarehe ya mwisho.
- Kuachishwa kazi kwa sababu nafasi yako imefutwa. Hapa hujakosa lolote. Kifungu cha 40 kinaeleza utaratibu wa kufuatwa na malipo unayostahili.

Onyo kubwa: ipo hali ya tano, nayo ni mtego. Mfanyakazi huitwa ofisini, husomewa hali mbaya ya biashara, kisha huletewa barua ya *kujiuzulu* aisaini "ili mambo yaende haraka." Anayejiuzulu hana fidia ya kufutwa kwa nafasi. Kama ni mwajiri anayekuondoa, barua iwe ya mwajiri na iseme hivyo. Omba muda wa kuisoma nyumbani. Kuomba muda si utovu wa nidhamu.

SAA ZIKIPUNGUZWA: HATUA SITA

Mwaka 2020 makampuni mengi, makubwa kwa madogo, yalikata mishahara ili yasifunge. Kukubali kupunguziwa si ujinga. Mara nyingi ndiko kunakookoa ajira, na nusu mshahara ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Hatari ni kukubali jambo ambalo mipaka yake huijui.

Tuseme ujumbe huu umeingia katika kundi la WhatsApp la kazini Ijumaa saa kumi na mbili jioni: "Habari zenu. Kuanzia Jumatatu kila mmoja atakuja siku tatu kwa wiki. Malipo yatarekebishwa ipasavyo. Asanteni kwa ushirikiano." Usome tena taratibu. Haukusema mshahara mpya ni kiasi gani. Haukusema mpango utaisha lini. Haukusema kama sehemu iliyokatwa ni deni utakalolipwa baadaye au imesamehewa moja kwa moja. Haukusema kama michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na ya bima ya afya itaendelea. Maswali manne yameachwa wazi, na kila moja ni pesa yako.

Fanya hivi:

1. Hifadhi ujumbe. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, saa na jina la aliyetuma. Jitumie kwa barua pepe yako binafsi, kwa kuwa kundi la kazini linaweza kufungwa na simu ya kampuni inaweza kurudishwa.

2. Usijibu kwa hasira, wala kwa "sawa bosi." Neno "sawa" laweza kuja kusomwa kama ridhaa. Jibu la salama la siku ya kwanza ni: "Nimepokea. Naomba maelezo kamili kwa maandishi."

3. Zungumza na wenzako kabla ya Jumatatu. Maswali yaliyoulizwa na watu kumi pamoja hujibiwa upesi kuliko ya mtu mmoja. Kama mna chama, mpigieni mwakilishi wa chama kazini siku hiyohiyo. Wafanyakazi wa hoteli, hospitali, shule na majumbani wana KUDHEIHA. Wa mashamba ya maua na chai wana chama chao cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, KPAWU.

4. Andika barua fupi ya kuuliza. Mfano upo katika kisanduku cha 2. Nakala moja baki nayo, na nyingine igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Barua pepe pia inatosha.

5. Jadili, usiombe tu. Yapo mambo ambayo mwajiri aliyeishiwa fedha anaweza kuyatoa bila gharama kubwa: tarehe ya kupitia upya mpango, siku maalumu za kupumzika ili utafute kibarua kingine, ruhusa ya kufanya kazi hiyo nyingine, na ahadi kwamba ukiachishwa kazi baadaye, malipo yako yatahesabiwa kwa mshahara wa awali. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Sababu yake utaiona kwenye hesabu iliyo mbele.

6. Weka daftari. Kila siku andika saa uliyoingia, saa uliyotoka na kazi uliyofanya. Wapo wanaolipwa siku tatu huku wakitumwa kazi za siku sita kupitia simu. Daftari la kila siku ni ushahidi. Kumbukumbu ya baada ya miezi minane haina nguvu hiyo.

*KISANDUKU CHA 2: Barua ya kuuliza na kukubali kwa masharti*

> Kwa Meneja,
>
> Nimepokea taarifa ya tarehe ____ kuhusu kupunguzwa kwa saa za kazi. Naelewa hali ngumu ya biashara kwa sasa na niko tayari kushirikiana. Kabla ya kutia saini, naomba nithibitishiwe kwa maandishi:
>
> (a) mshahara mpya kwa mwezi, na siku na saa nitakazofanya kazi;
> (b) tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika kwa mpango;
> (c) kama kiasi kilichokatwa kitalipwa baadaye;
> (d) kama michango ya NSSF na bima ya afya itaendelea kuwasilishwa;
> (e) kwamba malipo yoyote ya mwisho wa ajira yatahesabiwa kwa mshahara wangu wa kabla ya punguzo.
>
> Nitaendelea kufika kazini kama kawaida wakati nikisubiri jibu.
>
> Jina, namba ya kazi, sahihi, tarehe

Jambo moja zaidi kuhusu mshahara uliokatwa. Kama una mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, makato yale yale yaliyokuwa mepesi jana yanaweza kumeza kila kitu leo. Sheria ya Ajira inataka jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara. Angalia hati yako ya mshahara ya mwezi wa kwanza wa punguzo. Ukikuta umebakiwa na chini ya theluthi moja, nenda ofisi ya mishahara na kwa mkopeshaji siku hiyohiyo.

UKIACHISHWA KAZI: SHERIA INAVYOTAKA

Hoteli ya Fairmont The Norfolk, iliyowapokea wageni Nairobi tangu mwaka 1904, ilitangaza mwishoni mwa Mei 2020 kwamba inawaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Hata jina kubwa na jengo la zaidi ya karne moja havikuwa kinga. Ukiwa unafanya kazi mahali panapotegemea wageni, ndege, shule au mikusanyiko, jiandae kabla barua haijaandikwa.

Sheria haimzuii mwajiri kupunguza watu. Inachofanya ni kumwekea utaratibu, ili asitumie janga kama kichaka cha kuwaondoa asiowapenda: mjamzito, kiongozi wa chama, mzee wa kazi mwenye mshahara mnono. Kwa hiyo kagua kama utaratibu huu umefuatwa:

1. Notisi ya nia. Angalau mwezi mmoja kabla, chama chako kiarifiwe sababu na ukubwa wa upunguzaji. Kama si mwanachama, uarifiwe wewe binafsi kwa maandishi. Katika hali zote mbili afisa wa kazi wa eneo lenu naye aarifiwe.

2. Vigezo vya kuchagua. Mwajiri anapaswa kuzingatia urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na utegemewaji wa kila mfanyakazi. Una haki ya kuuliza: kwa nini mimi?

3. Notisi ya kusitisha mkataba. Ni mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Hii ni tofauti na ile notisi ya nia, na mahakama zimezitenganisha. Anayekupa karatasi moja asubuhi na kukutoa getini jioni ana maswali ya kujibu.

4. Likizo ambayo hujachukua. Hulipwa kwa fedha taslimu.

5. Fidia ya kuachishwa kazi. Si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka *uliokamilika* wa utumishi. Miezi ya mwaka usiokamilika haihesabiwi.

6. Hati ya utumishi. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akupe hati inayoonyesha jina lake, jina lako, tarehe uliyoanza, kazi uliyofanya na tarehe uliyomaliza. Idai kabla hujarudisha funguo na sare. Utaihitaji kila utakapoomba kazi.

*KISANDUKU CHA 3: Fanya hesabu mwenyewe*

Chukua mfano wa mhudumu wa hoteli ya Nyali. Mshahara wake ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 1,000 kwa siku ukigawa kwa 30. Amefanya kazi miaka 6 na miezi 8. Ana siku 10 za likizo. Ameachishwa tarehe 12 ya mwezi bila kupewa notisi ya kusitisha mkataba.

- Siku 12 alizofanya kazi: 12,000
- Likizo ya siku 10: 10,000
- Mshahara wa mwezi badala ya notisi: 30,000
- Fidia, siku 15 × miaka 6: 90,000
- Jumla kabla ya kodi: shilingi 142,000

Sasa rudi nyuma. Kama mhudumu huyu alipunguziwa mshahara hadi 15,000 miezi mitatu kabla, na hakuna karatasi inayosema mpango ulikuwa wa muda, mwajiri anaweza kupiga hesabu yote kwa 15,000. Jumla inashuka hadi 71,000. Nusu ya haki ya miaka sita imeondoka kwa kukosa sentensi moja katika barua. Ndiyo maana kipengele (e) kimo katika barua ya kisanduku cha 2.

Ukiona umedhulumiwa, anza karibu. Andikia mwajiri barua ya madai yenye hesabu kama hiyo hapo juu, na umpe muda wa kujibu, kwa mfano siku 14. Asipojibu, nenda ofisi ya kazi ya kaunti. Malalamiko ya kufutwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Kesi ya mahakamani inayotokana na mkataba wa ajira ina kikomo cha miaka mitatu. Wanaolipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi wanaweza kusikilizwa na hakimu aliyeteuliwa kushughulikia kesi za ajira, bila kulazimika kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama ikiona uliondolewa isivyo haki, inaweza kukupa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Kama huna wakili, bisha hodi Kituo Cha Sheria, chenye ofisi Nairobi na Mombasa, au FIDA Kenya kwa wanawake.

Barua ya mwisho ikiwa na maneno "nimelipwa haki zangu zote na sina dai lolote," usiisaini mpaka hesabu yako na yao zilingane. Kama unahitaji fedha hizo leo na huna jinsi, andika kwa mkono wako pembeni ya sahihi: "Nimepokea kiasi hiki bila kuacha madai yangu mengine," kisha uipige picha.

KIBARUA NA MFANYAKAZI WA NYUMBANI

Wakenya wengi hawana barua ya ajira. Wanalipwa kwa siku, kwa wiki, au "ukimaliza kazi." Hao ndio huambiwa kwanza wasirudi kesho, na wengi huondoka wakiamini hawana haki yoyote.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema vingine. Kibarua aliyefanya kazi kwa mfululizo wa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu kwa jumla, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi na hustahili notisi. Aliyefagia karakana ileile kwa miaka miwili akilipwa kila jioni si kibarua wa kupita mbele ya sheria.

Ushahidi wake ni upi? Ni ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la mlipaji na tarehe za malipo, picha akiwa kazini, kitabu cha getini na majirani waliomwona akiingia na kutoka. Kwa hiyo usifute ujumbe wa M-Pesa. Simu ikipotea, taarifa ya akaunti ya miezi iliyopita inaweza kuombwa kwa mtoa huduma.

Mfanyakazi wa nyumbani naye analindwa na sheria hiyohiyo. Mwajiri akisema, "Nenda ushago mpaka korona iishe," muulize mambo matatu kabla ya kufunga begi: Nafasi yangu ipo nikirudi? Mshahara wa siku nilizofanya ni kiasi gani? Nauli analipa nani? Majibu yaombe kwa ujumbe wa simu, hata wa mistari miwili.

PESA ZA NYUMBANI: SIKU SABA ZA KWANZA

Kipato kikikatika, kosa la kwanza la familia nyingi ni kuishi mwezi mzima kana kwamba kitarudi Jumatatu. La pili ni kukopa ili kuficha. Siku saba za kwanza zitumie hivi:

1. Siku ya kwanza: waambie wa nyumbani. Mke, mume na watoto wakubwa wajue. Siri ya mshahara huligharimu kaya, maana wengine wanaendelea kutumia pesa ambazo hazipo.

2. Siku ya pili: hesabu ulichonacho. Fedha mkononi, benki, M-Pesa, chama cha kuchangishana na sacco (ushirika wa akiba na mikopo), pamoja na wanaokudai na unaowadai. Andika kwenye karatasi moja.

3. Siku ya tatu: panga matumizi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni unga, maharage, mafuta, maji, dawa na kodi ya nyumba. Ya pili ni karo, nauli ya kutafuta kazi na bando la simu. Ya tatu ni mengine yote, na haya yasimame leo.

4. Siku ya nne: mwone mwenye nyumba kabla hajakutafuta. Mwaka 2020 viliripotiwa visa vya wenye nyumba kung'oa milango na mabati ili kuwatoa wapangaji. Mpangaji aliyetoa sehemu ya kodi na kuandikiana naye mpango wa kulipa iliyobaki yuko mahali salama kuliko aliyezima simu. Mpe unachoweza, mwandikiane, msaini wote wawili.

5. Siku ya tano: nenda kwa mkopeshaji. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 mwezi huo ipangwe upya, ikiwemo kuongezewa muda wa hadi mwaka mmoja kwa mikopo ya watu binafsi. Kufikia kumalizika kwa mpango huo Machi 2021, mikopo ya takriban shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya. Nafuu hiyo ilikuwa ya kuombwa: mkopaji ndiye aliyetakiwa kuwasiliana na benki yake. Nenda *kabla* hujakosa rejesho la kwanza, ukiwa na barua ya mwajiri inayoonyesha punguzo. Uliza pia riba ya muda ulioongezwa itakuwa jumla kiasi gani.

6. Siku ya sita: kagua sacco. Akiba ya sacco kwa kawaida haitolewi nusunusu. Unatakiwa kujitoa uanachama, na notisi ya siku 60 ndiyo ya kawaida. Kama umemdhamini mwenzako, hutolipwa mpaka apate mdhamini mwingine. Fikiri mara mbili kabla ya kujitoa, maana unapoteza pia nafasi ya kukopa kwa riba nafuu.

7. Siku ya saba: linda matibabu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya mfuko wa awali wa bima ya afya, NHIF. Aliye kazini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mwajiri hukadiriwa kwa kipato cha kaya yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa kwa mwaka. Tenga fedha hiyo mapema kutoka kwenye malipo yako ya mwisho.

Onyo kuhusu mikopo ya simu. Kukopa kwenye programu moja ili kulipa nyingine ni njia ya haraka ya kugeuza pengo la mwezi mmoja kuwa deni la mwaka. Tangu Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na zinawakataza kutisha wakopaji au kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya simu ili kukuaibisha. Angalia leseni kabla ya kupakua programu. Ukitishwa, hifadhi ujumbe na ulalamike Benki Kuu.

Onyo kuhusu nafuu za serikali. Zina tarehe ya mwisho. Aprili 2020 kodi ya VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Januari 2021 ikarudi asilimia 16. Kutuma kati ya shilingi 101 na 1,000 kwa M-Pesa, kulikofanywa bure Machi 2020, nako kulirudishiwa ada baada ya Desemba. Nafuu ikitangazwa, andika ukutani siku inapokwisha na usijenge bajeti ya mwaka juu yake.

KUTAFUTA KIPATO KINGINE

Miji ikifungwa, watu bado wanakula, wanaugua, wanahitaji sabuni na usafiri wa mizigo. Mwaka 2020 walioshona barakoa, waliopeleka mboga majumbani na walioosha masoko walipata cha kupeleka nyumbani wakati wahudumu wa hoteli wakisubiri simu. Serikali nayo ilianzisha Kazi Mtaani, mpango wa usafi uliowalipa vijana wa mitaa ya mabanda ujira wa siku. Uliza kwa chifu na mzee wa mtaa mapema, kwa kuwa orodha za mipango kama hiyo huandikwa mtaani.

Anza na biashara ambayo mtaji wake ukipotea hautakunyima chakula. Usitie fidia yote ya miaka sita katika bodaboda moja au duka moja ndani ya wiki ya kwanza. Weka pembeni chakula na kodi ya miezi mitatu, kisha ujaribu kwa kilichobaki.

Jihadhari na wanaovuna kwenye shida. Tangazo la kazi linalodai "ada ya usajili" au "pesa ya vipimo" kwa namba ya M-Pesa ya mtu binafsi liache. Kwa kazi za Saudia, Qatar, Oman na kwingineko Ghuba, thibitisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kwamba wakala amesajiliwa, na usisafiri bila mkataba unaouelewa. Agosti 2020 wanawake wa Kenya waliopoteza kazi za nyumbani Lebanon walilala nje ya ubalozi mdogo wa Kenya mjini Beirut wakitaka kurudishwa kwao. Janga hukuta wahamiaji wakiwa mbali zaidi na msaada.

Na moyo nao utunzwe. Kukaa nyumbani bila kazi kwa wiki nyingi huchosha akili na huleta ugomvi. Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba ya bure ya ushauri, 1199. Anayepigwa au kutishwa nyumbani apige 1195, saa yoyote, bila malipo.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kuacha kwenda kazini kwa hasira baada ya kupunguziwa mshahara. Mwajiri atasema ulitoroka kazi.
- Kusaini karatasi usiyoielewa kwa sababu wenzako wamesaini.
- Kudhani ukimya wa mwajiri ni likizo. "Mtaitwa" haina tarehe. Mwezi ukiisha, andika na uulize hali ya ajira yako.
- Kungoja janga liishe ndipo ulalamike. Miezi mitatu ya afisa wa kazi haingojei.
- Kutukana kampuni mtandaoni wakati madai yako bado mezani.

ORODHA YA KUKAGUA

☐ Barua ya ajira, au ushahidi wa malipo ya M-Pesa
☐ Hati za mshahara za miezi ya mwisho kabla ya punguzo
☐ Picha za jumbe zote za kupunguza saa au kuachisha kazi
☐ Taarifa ya michango ya NSSF, kuona kama yote iliwasilishwa
☐ Siku za likizo zilizobaki, kwa maandishi
☐ Daftari la saa za kazi
☐ Nakala za barua zako zenye sahihi ya mpokeaji
☐ Hati ya utumishi
☐ Mpango wa kodi ulioandikiana na mwenye nyumba
☐ Barua ya benki au sacco kuhusu mkopo

Kama ungali kazini leo, usingoje tangazo la janga jingine ndipo uanze kutafuta karatasi hizi. Jioni hii toa nakala ya barua yako ya ajira na hati tatu za mwisho za mshahara, uzihifadhi nje ya ofisi na nje ya simu ya kampuni. Kama barua ya ajira huna, iombe kwa maandishi wiki hii, na umhimize mwenzako mmoja wa kazini afanye vivyo hivyo.